Wahubiri wa Kiooni na Wale Wanaowacheka



Katika sikukuu ya somo wa parokia yetu, vijana wa kwaya walituigizia mchezo mfupi. Mmoja wao alivaa koti jeupe la kuazima, akasimama nyuma ya boksi lililokatwa mfano wa televisheni, akahubiri kwa sauti ile ya kukwaruza tunayoisikia kila usiku katika vituo vingi. Mwenzake, aliyejifunga kitenge na kilemba, alipiga magoti mbele ya boksi, akaweka kiganja juu ya kioo, kisha akatoa simu na kutuma pesa. Kila alipotuma, mhubiri alidai tena: mara ya mafuta ya gari, mara ya kusafishia miwani yake. Tulicheka hata machozi yakatutoka. Mama mmoja wa jumuiya yetu hakucheka. Aliinuka kabla mchezo haujaisha, akaenda zake.

Tangu siku ile tumejiuliza kama tulitenda vema. Tukaona heri tutazame kicheko hiki kilitoka wapi, maana si sisi tuliokianza.

Maandiko yenyewe yanakifahamu. Eliya aliwadhihaki manabii wa Baali pale Karmeli, akiwashauri wapaze sauti zaidi, pengine mungu wao amelala. Lakini kicheko dhidi ya mhubiri anayeuza neema kilikomaa ndani ya nyumba yetu wenyewe, sisi Wakatoliki. Mwishoni mwa karne ya 14, Mwingereza Geoffrey Chaucer aliandika juu ya mahujaji waelekeao Canterbury. Kati yao yumo mwuza rehema, mwenye mifupa ya nguruwe anayoionyesha kama masalia ya watakatifu, na foronya ya mto anayodai kuwa ni shela ya Bikira Maria. Anawaambia wenzake waziwazi kwamba huhubiri kwa ajili ya fedha tu, na kwamba mahubiri yake ni yaleyale daima: ubaya wa kupenda fedha! Akiisha kujifunua hivyo, anawageukia walewale na kuwauzia rehema. Anayedhani kwamba ujasiri wa namna hiyo ulizaliwa pamoja na televisheni asome ukurasa huo.

Baada yake alikuja Erasmus, padri, ambaye kitabu chake cha Sifa za Upumbavu kilichapwa mwaka 1511. Aliwachapa humo watawa wavivu, wanateolojia wenye majivuno na wahubiri wanaopayuka. Tunapenda kukumbusha kwamba alikiandika akiwa mgeni katika nyumba ya rafiki yake Thomas More, yule ambaye Kanisa lilimtangaza mtakatifu mwaka 1935. Kumbe nyumba ya mfiadini iliweza kukipokea kicheko cha namna hiyo.

Tarehe 16 Julai 1562, Mtaguso wa Trento uliifuta kazi ya wakusanyaji wa sadaka waliozunguka wakitangaza rehema. Wazee wa Mtaguso walikiri kwamba hapakuonekana tena tumaini la kuwarekebisha watu hao, wakaliondoa hata jina lao. Hatusemi kwamba ni kejeli iliyowaondoa. Kati ya Chaucer na Trento kulipita kizazi baada ya kizazi, Kanisa likapasuka, na wajane wengi wakafa wakiwa wamenunua mifupa ya nguruwe.

Karne nne baadaye ni Marekani iliyompa mhubiri kipaza sauti, na wa kwanza kukitumia vibaya kwa sauti kubwa hakuwa Mpentekoste. Padri Charles Coughlin wa Royal Oak, Michigan, alianza kusema redioni mwaka 1926, akapata mamilioni ya wasikilizaji, akaishia kueneza chuki dhidi ya Wayahudi. Askofu mkuu wake alimnyamazisha mwaka 1942, kwa kuchelewa sana. Tunalitaja hili kwanza ili asitokee mwenzetu wa kudhani kwamba tunasimulia dhambi za jirani tu. Ni haki pia kumtaja Askofu Fulton Sheen, ambaye tangu mwaka 1952 alifundisha katika televisheni kwa ubao na chaki, na fedha za kipindi chake zikaenda katika utume wa misioni.

Mwaka 1927 Sinclair Lewis alitoa riwaya ya Elmer Gantry, habari za mhubiri mlevi na mzinzi mwenye sauti tamu. Kabla ya kuandika, Lewis alikaa Kansas City akila na kuongea na wachungaji ili aijue kazi yao. Wahubiri walimlaani, na mjini Boston kitabu kilipigwa marufuku. Wanaosimulia riwaya hiyo mara nyingi husahau kwamba Gantry haanguki. Ukurasa wa mwisho unamkuta amepiga magoti mbele ya umati, anaomba kwa ajili ya maadili ya taifa zima, na jicho lake limekwisha kuona vifundo vya miguu vya mwimbaji mpya wa kwaya.

Sasa tumfikie mtu ambaye maneno yake yako vinywani mwetu bila sisi kujua. Oral Roberts wa Tulsa, Oklahoma, alikuwa mhubiri wa mahema. Katika miaka ya 1950 aliingiza kamera ndani ya hema lake, akawaambia watazamaji wa mbali waguse redio au televisheni iwe kiungo cha imani yao. Ndiye pia aliyeeneza fundisho la kupanda mbegu: toa fedha kwanza, ndipo utegemee mavuno. Kiganja juu ya kioo, mbegu na mavuno, vyote vilivyotuchekesha katika mchezo wa vijana wetu, vilisafiri kutoka Tulsa. Mwezi wa Januari 1987 Roberts alitangaza kwamba asipopata dola milioni 8 kabla ya mwisho wa Machi, Mungu atamwita kwake. Wachekeshaji wa Marekani walifurahi kupita kiasi. Lakini fedha zilipatikana, na mzee akaishi hadi mwaka 2009.

Mwaka uleule lilianguka jumba la Jim Bakker na mkewe Tammy Faye. Walikuwa wamejenga South Carolina mji wa mapumziko ya Kikristo. Kwa dola 1,000 mtazamaji aliahidiwa usiku tatu hotelini kila mwaka, maisha yake yote. Ahadi hizo ziliuzwa kwa maelfu kupita vyumba vilivyokuwapo. Watu walicheka wanja wa Tammy Faye uliotiririka na machozi, wakacheka kibanda cha mbwa wao chenye kiyoyozi. Mwaka 1989 Bakker alihukumiwa kifungo cha miaka 45, kilichopunguzwa baadaye. Akatoka mwaka 1994. Alipotoka aliandika kitabu akikiri kwamba alikosea, na kwamba ni gerezani alikoisoma Biblia kikamilifu kwa mara ya kwanza. Tungependa kuishia hapo. Lakini alirudi kiooni, akauza ndoo za chakula cha akiba kwa ajili ya siku za mwisho, na mwaka 2020 jimbo la Missouri lilimshtaki kwa kuuza dawa ya maji ya fedha kana kwamba inaponya korona. Hakuna mtunzi wa kejeli angethubutu kubuni mwisho kama huo.

Wimbo wa kundi la Genesis wa mwaka 1992, ambao Phil Collins aliimba kwa kujifanya mhubiri wa televisheni, uliwachekesha watu wasiokanyaga kanisani kamwe. Hatuna neno juu yake. Tunavutiwa zaidi na kicheko cha wale wanaosali. Mwaka 1971 vijana Waprotestanti wa California walianzisha gazeti la kejeli liitwalo The Wittenburg Door, jina lililokosewa herufi tangu mwanzo na kuachwa hivyo. Katika miaka ya 1990 gazeti hilo lilichukuliwa na jumuiya ndogo ya Dallas, Trinity Foundation, iliyoongozwa na Ole Anthony. Watu hao waliwapokea wasio na makao katika nyumba zao. Wakiwa wanakula pamoja nao, waligundua kwamba baadhi ya wageni wao walikuwa wametuma fedha zao za mwisho kwa wahubiri wa televisheni. Ndipo walipoanza kuchunguza. Walipekua mapipa ya taka, wakashirikiana na televisheni ya ABC, ambayo mwaka 1991 ilionyesha barua zenye maombi ya watazamaji wa mhubiri Robert Tilton zikiwa zimetupwa huko Tulsa, baada ya fedha kutolewa. Tilton alikana. Alishtaki, akashindwa, na vituo vingi vikaacha kumrusha hewani.

Mwaka 2015 mchekeshaji John Oliver alimwandikia Tilton huyohuyo kwa miezi saba, akipokea barua 26, nyingine zikiwa na noti ya dola moja inayotakiwa kurudishwa pamoja na nyongeza. Oliver akaunda kanisa lake la mzaha ili kuonyesha jinsi sheria ya kodi ilivyo legevu, na fedha alizotumiwa na watazamaji akawapa Madaktari Wasio na Mipaka. Jambo jema. Hata hivyo, Oliver alianza na bahasha, ilhali wale wa Dallas walianza na mtu aliyeketi mezani pao.

Kwetu Kongo, hotuba ya tarehe 24 Aprili 1990 ilipofungua mlango wa vyama vingi, vituo vya binafsi vya redio na televisheni viliongezeka, na vingi vikawa mikononi mwa makanisa ya uamsho. Mbegu ya Tulsa ilipata udongo. Wahubiri hao hupenda kusoma habari za mjane na senti zake mbili katika sura ya 12 ya Marko. Aya inayotangulia, ambapo Bwana anawakemea wale wanaokula nyumba za wajane huku wakisali sala ndefu, hatujaisikia ikisomwa kiooni. Vijana wetu nao, tukisema kweli, walimweka mjane kitenge na kilemba ili achekwe sawasawa na anayemla.

Juma lililofuata wawili kati yetu walikwenda kwa yule mama. Hakukasirika. Alitueleza kwamba alikuwa ametuma dola 20 kwa simu, pamoja na ujumbe mrefu juu ya mwanawe aliyekuwa mgonjwa tangu Kwaresima, na akatuomba tumwambie, sisi tuliosoma, kama ujumbe ule ulisomwa na mtu. Tulimweleza habari za barua za Tulsa. Akanyamaza kidogo, kisha akatuletea chai. Nyumba yake iko hatua mia moja hivi kutoka pale jumuiya yetu inaposali kila Jumatano. Habari za ugonjwa wa mtoto yule tulizisikia siku hiyo kwa mara ya kwanza.