Kabla ya HR wa Dubai Kulikuwa na Nahodha

Wasee, swali ambalo naulizwa sana siku hizi ni kama kazi ya HR huko Ghuba inalipa. Inalipa. Lakini leo tuachane na mshahara kidogo tuangalie hicho kiti chenyewe kilitoka wapi, juu ukikikalia bila kujua historia yake utashtuka. Utakuta ofisi ina Mnepali, Mfilipino, Mmisri, Mhindi, Mlebanoni na Mwingereza, na mara nyingi pasipoti ya mtu inaongea kuhusu mshahara wake kabla cheti chake hakijafunguliwa. Mwaka 2019 Tendayi Achiume, wakili mzaliwa wa Zambia aliyekuwa mtaalamu wa Umoja wa Mataifa kuhusu ubaguzi wa rangi, alienda Qatar akakuta hivyo hivyo, na akasema wazi kwamba uraia ndio unapanga nani apate nini.

Sasa ukiuliza nani aliamua hivi, itabidi turudi baharini.

Kabla ya mafuta, Ghuba ilikuwa inaishi kwa lulu. Msimu mkubwa ulikuwa miezi kama minne ya kiangazi, mashua imejaa wapiga mbizi na wale wa kuwavuta kwa kamba. Bosi wao alikuwa nahodha. Ndiyo, neno lile lile tunalotumia Lamu na Mombasa. Na si hilo tu: deni, hesabu, daftari, hata mshahara, yote ni maneno tuliyogawana na watu wa bahari hiyo. Mpiga mbizi hakuwa na mshahara lakini. Alikuwa anapewa pesa ya mapema aachie familia, halafu mwisho wa msimu anapata fungu la faida, baada ya kukatwa chakula, riba na ile pesa ya mapema. Nani anaandika hesabu? Nahodha. Nani anajua kusoma? Si mpiga mbizi. Kwa hivyo deni lilikuwa haliishi, na mtu akifa lingeweza kumwangukia kijana wake. Ukiwa na deni hungeweza kuhamia mashua nyingine bila nahodha wako kukubali. Hiyo shika, tutairudia.

Na wengi wa hao wapiga mbizi walikuwa watu wetu. Waafrika waliotekwa wakauzwa huko, wengine kutoka pwani hii ya Afrika Mashariki, walizamia lulu huku mapato yao yakienda kwa mwenye kuwamiliki. Kumbukumbu za Waingereza bado zina maelezo ya mamia ya watumwa waliokimbilia ofisi zao Ghuba, ikiwemo Sharjah na Bahrain, kuomba barua ya uhuru. Hii haikuwa zamani za kale, ni hadi miaka ya 1920 na 1930. Saudia ilipiga marufuku utumwa mwaka 1962. Oman, 1970. Kuna wazee mtaani kwenu waliokuwa wameshaoa.

Miaka ya 1920 Waingereza waliokuwa na usemi Bahrain walilazimisha kila mpiga mbizi awe na daftari lake la hesabu. Kwa macho yangu hiyo ndiyo faili ya kwanza ya mfanyakazi Ghuba. Ilisaidia, lakini pesa ya mapema nayo ikapunguzwa, na mwaka 1932 wapiga mbizi wa Bahrain wakafanya fujo. Mwaka huo huo wa 1932 mafuta yakapatikana hapo hapo Bahrain. Lulu za kufugwa za Wajapani na mdororo wa uchumi duniani tayari zilikuwa zinaizika biashara ya zamani.

Hapa ndipo ofisi yenye meza inaingia. Kule Dhahran, Saudia, kampuni ya Wamarekani, Aramco, ilijenga kambi kwa matabaka: Wamarekani kwa nyumba zenye kipoza hewa na bwawa la kuogelea, Wahindi na Waitaliano (wengi walitolewa Eritrea) katikati, na Wasaudi wenyewe kwa vibanda vya makuti. Nchi ni yao, mafuta ni yao, lakini wao ndio wa chini. Mwanahistoria Robert Vitalis ameonyesha kwamba huo mpango haukutoka jangwani, ulikuja na Wamarekani kutoka migodi na mashamba ya mafuta ya kwao, zile enzi za ubaguzi. Mwaka 1953 wafanyakazi kama 13,000 waligoma. Viongozi wao walikamatwa, ingawa mishahara na makazi yaliboreshwa kiasi. Mwaka 1956 mgomo ukawa kosa kisheria.

Mimi naona somo ambalo wakubwa walichukua hapo ni baya: mtu anayeongea lugha yako na anayejiona mwenye nchi ni msumbufu. Bora mgeni ambaye unaweza kumrudisha kwao. Mfumo wa kafala ulikuwa tayari, mgeni lazima awe na mdhamini, na msomi Omar AlShehabi anaonyesha kwamba utawala wa Waingereza ulichangia sana kuuanzisha, tangu enzi za lulu. Bei ya mafuta ilipopanda mwaka 1973 Waasia wakaletwa kwa ndege. Halafu 1990, vita vya Ghuba: Wayemeni zaidi ya 800,000 waliondoka Saudia baada ya kuondolewa ruhusa ya kufanya kazi bila mdhamini, na Wapalestina wengi sana wakafukuzwa Kuwait. Watu hawakufutwa kwa kazi mbaya. Walifutwa kwa pasipoti.

Oman ilikuwa na stori yake tofauti. Baada ya 1970 Sultan Qaboos aliwaita nyumbani Waomani waliokuwa nje, na wengi walitoka Zanzibar wakiwa na shule na Kiingereza. Ofisi za Muscat zikajaa Kiswahili. Mpaka leo unaweza kusalimiwa "habari za asubuhi" na mtu mwenye kanzu na kilemba ukadhani uko Mvita.

HR wa leo anaishi na sheria zilizokuja juu ya hayo yote. Tangu 2009 Emirati zinataka mshahara upitie benki ili serikali iuone. Tangu 2011 Saudia inazipa kampuni rangi, kutoka nyekundu hadi platinamu, kulingana na idadi ya Wasaudi waliyoajiri, na ukiwa nyekundu viza zinakwama. Qatar iliondoa ile barua ya ruhusa ya bosi mwaka 2020 (unaikumbuka ya nahodha?), na kuanzia Machi 2021 kima cha chini ni riyali 1,000 kwa kila mtu, bila kujali uraia. Haya ni mabadiliko ya kweli, na anayesema hakuna kilichobadilika hajasoma.

Shida ni nani ameachwa nje. Saudia ilipolegeza kafala Machi 2021, wafanyakazi wa nyumbani hawakuhusishwa, na hao ndio madada zetu wengi wanaoenda. Ufilipino iliweka dola 400 kama kima cha chini kwa mfanyakazi wa nyumbani wake mwaka 2006, sisi tulikuwa bado hatujaanza hata kuongea bei. Ndiyo maana Mkenya na Mfilipina wanaweza kupiga deki nyumba mbili zilizopakana kwa mishahara tofauti. Na hakuna ofisi ya HR hapo. Mwenye nyumba ndiye mdhamini, ndiye mhasibu, ndiye landlodi, na yeye ndiye anashika daftari.