Paneli Bila Fundi ni Pambo la Paa

Wasee, mimi niliacha chuo mwaka wa pili. Kwa hivyo mtu akiniambia ati masomo ndiyo yataokoa mazingira, huwa nacheka. Lakini kuna hadithi ya Meru imenifanya ninyamaze kidogo.

Mwaka wa 1984, shule ya Karamugi Harambee huko Meru ilitaka kununua jenereta ya dizeli. Hapo alikuwa anafundisha kijana Mmarekani wa kujitolea, Mark Hankins. Akajuana na Harold Burris, injinia Mmarekani aliyekuwa na kabiashara kanaitwa Solar Shamba. Wakaambia shule: achaneni na dizeli, wekeni sola. Shule ikakubali.

Sasa hapa ndipo watu wengi huruka. Hawa jamaa hawakufunga paneli na kuishia. Mwaka uliofuata walipata pesa za msaada, wakafunga sola kwa shule zingine huku wakifundisha mafundi wa huko huko. Walimu wakaona taa zinawaka, wakataka za nyumbani, na fundi wa kuzifunga alikuwa hapo karibu. Ndivyo biashara ya sola ilivyoanza kuenea mashambani Kenya, koroboi zikizimwa nyumba moja baada ya nyingine.

Olkaria pia ni vile vile. Mvuke ulianza kutupatia stima 1981, na kwa miaka mingi Wakenya wamekuwa wakitumwa Iceland kusomea kazi hiyo. Leo mvuke unatoa karibu nusu ya stima ya nchi. Ule joto ulikuwa chini ya ardhi tangu zamani. Kilichokosekana ni watu wa kuutoa.

Turudi Makongeni. Kinyozi wangu alifungiwa sola na jamaa aliyejifunza kwa video. Hakupiga hesabu ya mashine, hakuweka kile kifaa cha kulinda betri. Miezi sita, betri ikafa. Sasa stima ikipotea, kuna jenereta mlangoni inanguruma na moshi unatuingia puani. Paneli bado iko juu ya paa, imejaa vumbi.

Kwa hivyo tukihesabu paneli ngapi zimenunuliwa, tunajidanganya. Moshi hupungua siku jenereta inazimwa na haiwashwi tena, na hiyo ni kazi ya fundi anayejua. Hata sheria inajua: tangu 2012, anayefunga sola anatakiwa awe na leseni. Lakini mtaani nani huuliza? Sisi huuliza bei tu.

Sisemi kila mtu akimbilie digrii. Wale mafundi wa Meru walijifunzia kazini, waya mkononi, na mtu anayejua akiwa kando yao. Hiyo ndiyo shule mimi nilikuwa natafuta, na nimeanza kuulizia kozi ya sola hapa Thika. Mathe akisikia atasema, "Si nilikuambia?" Sawa tu, nitamwacha ashinde.

Wewe je, aliyefunga sola kwenu alifundishwa na nani?