Akili Unde, Wala Si Akili Bandia

Imetupasa, sisi tukaao Lodwar na wenzetu wa kambi ya wakimbizi ya Kakuma, kuinena bayana hitilafu ya istilahi ambayo wanakamati walio mbali na ardhi hii kame wametuletea kana kwamba ni hidaya, nayo ni akili bandia, kwa maana ya artificial intelligence. Kwani mwanamke akiambiwa kwamba slaidi yenye chembe za mlango wa kizazi chake itasomwa na akili bandia, ilhali bandia aijuayo ni noti bandia na dawa bandia, ana haki ya kushuku na kwenda zake kabla saratani haijatafutwa.

Wala si dhana tupu: katika hospitali ya Kinondo Kwetu, kaunti ya Kwale, baina ya 2018 na 2019, wanawake 740 wanaoishi na virusi vya ukimwi walipimwa, slaidi zikapigwa picha papo hapo, picha zikasafirishwa kwa mtandao wa simu, programu ikabainisha zenye dalili, na wataalamu wa patholojia wakazihakiki. La bandia hapo ni lipi?

Badala yake twapendekeza akili unde. Akili ni neno la Kiarabu, na shina lake ni lile lile la kamba afungwayo ngamia goti asitoroke, jambo ambalo mfugaji wa Kiturkana hahitaji kufasiriwa. Unde ni Kibantu halisi, latokana na kuunda, kitenzi cha mafundi wa majahazi, na irabu yake ya mwisho ni ile ya kale ionyeshayo kilichotendwa: mtume ni aliyetumwa, kiumbe ni kilichoumbwa, mteule ni aliyeteuliwa, basi akili unde ni akili iliyoundwa, pasipo sifa ya ziada wala tuhuma, ilhali mtoto wa bandia ni mwanasesere, umbo lisilo uhai. Akili mnemba, istilahi waipendayo baadhi ya wenzetu wa Tanzania, haina tuhuma hiyo, ila msikiaji hana shina la kulishika.

Matumizi ni mepesi: akili unde, mfumo wa akili unde, uchunguzi kwa akili unde.

Hoja hizi niliziwasilisha kwa kamati moja, nikajibiwa kwa ufupi usio na adabu kwamba bandia limekwisha kuzoeleka. Nami nashikilia kwamba mazoea ya waandishi wa mijini hayana mamlaka juu ya hofu ya mgonjwa. Nawasihi wauguzi, wakalimani wa kambini na watangazaji wa redio wa Turkana waseme akili unde, tena waanze sasa.