Video Niliyoifuta, na Mkono wa Mzee Kijumwa

Juzi nilifuta video. Dakika mbili tu, nimekaa barazani, naeleza nyimbo za kale za Fumo Liyongo zinazotaja tembo la mnazi. Mjomba akanipigia simu: "Mpwa wangu, mtoto wa Lamu, mji wa misikiti na Maulidi, ndiyo ya kutangaza hayo?" Sikumjibu, nikafuta. Ila roho haijatulia, kwa hivyo leo naandika.

Kule Marekani kuna mzee anaitwa Robert Parker. Alikuwa wakili. Mwaka 1978 akaanzisha kijarida chake cha mvinyo, anaonja halafu anatoa alama kama mwalimu wa shule, mwisho 100. Mavuno ya Bordeaux ya 1982 aliyasifu mapema, jina likapaa. Ikafika mahali akitoa alama za juu, bei ya chupa inapanda. Kalamu ya mtu mmoja, jamani! Wapinzani wake wakalalamika kwamba watengenezaji wameanza kupika mvinyo wa kumfurahisha yeye. Wazee wetu hilo walilijua zamani: mgema akisifiwa, tembo hulitia maji.

Kwa hivyo msiniambie kuzungumzia kinywaji kwa ufundi ni mambo ya Wazungu. Katika nyimbo zinazonasibishwa na Liyongo, shujaa na malenga wa pande za Pate na Ozi, tembo linaitwa "uchi". Mara ya kwanza nilicheka, nikidhani mtu kavuliwa nguo! Kumbe ni Kiswahili cha kale. Na hakuna alama 100 pale. Tembo limo ndani ya shughuli, pamoja na ngoma ya gungu, wageni na heshima ya mwenye karamu.

Sasa, nani alituhifadhia haya? Hapa ndipo namtaja Muhammad bin Abubakar Kijumwa, mtu wa Lamu hii hii, aliyefariki 1945. Alichonga milango, alikuwa na mwandiko mzuri wa herufi za Kiarabu, alitunga, na muziki aliujua. Mwaka 1913 aliandika utendi wa Liyongo, ule wenye kisa cha tupa iliyofichwa ndani ya mkate wa wishwa ili shujaa akate minyororo gerezani. Alinakili tendi za dini na nyimbo za Liyongo pia, kwa kalamu ile ile. Wataalamu kama Alice Werner, William Hichens na Ernst Dammann walitegemea sana kazi yake. Leo miswada yake mingi iko London na Ujerumani.

Angalieni tofauti. Parker alipandisha bei za chupa. Kijumwa hakupandisha bei ya kitu, lakini bila mkono wake sehemu kubwa ya maneno ya babu zetu ingeondoka na waliokuwa wakiyaimba. Kwangu mimi, huyo ndiye mwandishi mwenye nguvu zaidi.

Mjomba, najua unasoma. Sikualika mtu kunywa, na dini yangu naijua. Kuandika kwamba wazee wetu waliimba tembo si kumwaga tembo msikitini. Tukichuja kila neno linalotutia haya, tutabaki na Liyongo nusu, na nusu nyingine mjukuu wako ataenda kuitafuta London, kwa viza!

Nakiri na mimi nina kosa. Niliweka picha ya chupa mbele ya video ili watu wabofye. Hapo nilikuwa yule mgema aliyesifiwa, nikatia maji. Picha hiyo hairudi. Video inarudi Ijumaa ijayo, baada ya swala, na safari hii nataka mjomba akae na mimi barazani. Asipokubaliana, aseme hapo hapo tukirekodi.

Nyie mnaonaje? Nirudishe au niache?