Rangi, Bahari na Elimu Masafa: Rongui katika Historia ya Vyuo vya Msumbiji

Kisiwa cha Rongui, jirani na kisiwa cha Vamizi katika Visiwa vya Kirimba, kaskazini mwa Msumbiji, hakitajwi katika historia ya elimu ya juu ya nchi hiyo, ingawa sera za kufundisha kwa mtandao hupimika vyema zaidi huko kuliko Maputo.

Ubaguzi wa rangi katika elimu ya nchi hiyo ulikuwa sheria iliyoandikwa. Chini ya indigenato, mfumo wa kikoloni wa Kireno uliowatenga "wenyeji" na raia hadi ulipofutwa mwaka 1961, mtoto wa Kiafrika alitengewa elimu yake ya chini, yaani Kireno, hesabu kidogo na kazi za mikono, na kwa mapatano ya mwaka 1940 Ureno iliikabidhi elimu hiyo kwa misheni za Kikatoliki. Pwani ya Waislamu ya kaskazini ikapunjika mara mbili: wazazi waliogopa watoto wao wasije wakabatizwa, ilhali kijana aliyehitimu chuo cha Kurani, akawa anaandika barua kwa herufi za Kiarabu, alihesabiwa kuwa hajui kusoma. Hesabu hiyo ni ya ajabu, kwa kuwa katika karne ya 19 maofisa wa Kireno wenyewe walipokea barua za Kiswahili za namna hiyo kutoka kwa masheikh na masultani wa kaskazini, na nyingi zimehifadhiwa Maputo mpaka leo.

Elimu ya chuo kikuu ilianza mwaka 1962 huko Lourenço Marques, ndiyo Maputo ya sasa, zaidi ya kilomita 1,600 kutoka Rongui. Uhuru ulipopatikana mwaka 1975, wanafunzi weusi walikuwamo takriban 40, chini ya asilimia 2 ya wote. Mwaka uliofuata chuo kilipewa jina la Eduardo Mondlane, mpigania uhuru ambaye mwaka 1949 serikali ya makaburu ilimfukuza masomoni Johannesburg.

Elimu masafa, ambayo mwanafunzi husoma bila kuketi mbele ya mwalimu, ilipata taasisi yake ya taifa mwaka 2006. Kanuni zake haziulizi rangi ya mtu. Lakini anayetaka kusoma huhitaji cheti cha sekondari na Kireno fasaha, tena, masomo yakihamia mtandaoni, umeme na kifurushi cha intaneti, na nyenzo za namna hii ndizo ambazo pwani ya Wamwani, ndio Waislamu hao wa kaskazini, imenyimwa tangu zamani. Korona ilipofunga madarasa mwaka 2020 na vyuo vikakimbilia mtandaoni, Mocímboa da Praia, mji wa pwani hiyo, ilitekwa na waasi mwezi Agosti, na mji wa Palma uliposhambuliwa Machi 2021, mawasiliano ya simu yalikatika.