Baiskeli ya mlima: ipi kwa njia ipi?

Kinga ya mlima ni jina moja kwa vitu vitatu. Kuna isiyo na springi yoyote, kuna yenye springi kwenye uma wa mbele tu, na kuna yenye springi mbele na nyuma. Sokoni tunasifiwa hiyo ya tatu. Kanisa linaponunulia mwinjilisti baiskeli, sisi tunashauri kutazama kwanza njia yake, kisha mzigo wake.

Karibu na Goma, mawe ya volkano ya Nyiragongo ni makali, yanakata mpira ubavuni. Chagueni mpira mpana, wa inchi 2 au zaidi, wenye ubavu mnene. Springi ya mbele itapumzisha mikono. Upepo usipungue mno, kwa maana rimu itabana mpira wa ndani juu ya jiwe na kuutoboa.

Vilima vya Masisi na Lubero vinataka kingine. Mvua ikinyesha udongo unanata, kwa hiyo meno ya mpira yawe marefu na yaachane, ili matope yadondoke. Gia nyepesi ya kupandia ni ya lazima. Springi ya nyuma inameza nguvu za miguu kwenye mpando, tena kufunga mzigo juu yake ni taabu. Anayebeba Biblia, nguo, na pengine mgonjwa, asiinunue.

Lakini hatari kubwa iko kwenye kushuka. Freni zinazobana rimu hupoteza nguvu zikilowa, na matope yenye mchanga hula rimu yenyewe. Freni za diski hushika vizuri zaidi. Zile za mafuta, zikivuja kijijini, nani atazitengeneza? Tunapendelea diski ya waya, na pedi za akiba zinunuliwe siku ileile.

Uwanda wa Ruzizi hauhitaji mengi haya: baiskeli isiyo na springi, yenye mpira wa meno mafupi, inatosha.

Gurudumu la inchi 29 hupita juu ya mawe kwa urahisi kuliko la 26. Hata hivyo, kabla ya kulipa, muulizeni fundi wa kwenu ni mpira upi anaoupata. Fremu nayo iwe ya chuma, maana ikivunjika mchomeleaji wa kawaida anaiunga. Ya aluminiamu itamshinda.