Kiarabu cha Juba: lugha iliyozaliwa kambini ikawa ya wote

Mtu kutoka Sudan Kusini akifungua kinywa, wengi huanza kukisia: ni kabila gani, ametokea wapi, yuko upande gani. Akizungumza Kiarabu, wengine humwita Mwarabu. Makisio hayo yana gharama. Ofisini au hospitalini mtu huletewa mkalimani asiyeelewana naye, na mtaani hutiliwa shaka bila sababu. Makala hii inakueleza Kiarabu cha Juba kilitoka wapi, na lugha ya mtu inaweza kukuambia nini kuhusu maisha yake.

Kilianzia kambini

Mwaka 1820 jeshi la Muhammad Ali, mtawala wa Misri, liliingia Sudan. Miaka kama ishirini baadaye, vyombo vyake vilipanda Mto Nile hadi Gondokoro, karibu na ulipo mji wa Juba leo. Nyuma yake wakaja wafanyabiashara wa pembe za ndovu na watumwa. Walijenga kambi zenye uzio wa miiba, zilizoitwa zariba.

Ndani ya kambi hizo walikusanywa watu wa makabila mengi: askari, wapagazi, wapishi, wanawake waliotekwa. Hawakuwa na lugha moja. Waliyokuwa nayo wote ni maneno ya Kiarabu ya waliowaamuru. Wakayachukua, wakayarahisisha, wakayachanganya na lugha zao, hasa Kibari, lugha ya wenyeji wa eneo la Juba. Watoto wao wakakua nayo.

Ndiyo maana Kiarabu hiki ni tofauti na cha Khartoum. Kitenzi chake hakibadiliki kwa kufuata mtu. «Ana gi ruwa fi suk» ni «ninakwenda sokoni». «Ita gi ruwa» ni «unakwenda». «Ana bi ruwa» ni «nitakwenda». Ukijua Kiswahili, maneno kadhaa utayatambua mara moja: suk ni soko, kitab ni kitabu, sabun ni sabuni. Hata hesabu ya sita, saba na tisa inafanana, kwa kuwa lugha zote mbili zilichota kwenye Kiarabu.

Ndugu yake wa Uganda na Kenya

Mwaka 1881 yalianza maasi ya Mahdi, na mwaka 1885 Khartoum ikaanguka. Askari wa serikali waliokuwa kusini chini ya gavana Emin Pasha wakakatwa na makao makuu yao, wakarudi nyuma hadi karibu na Ziwa Albert. Mwaka 1891 Frederick Lugard aliwachukua wengi wao kutumikia Waingereza nchini Uganda. Waliondoka na wake zao, watoto wao na lugha yao.

Wajukuu wao ndio Wanubi wa leo. Wako Bombo nchini Uganda na Kibera jijini Nairobi, na Kinubi chao ni ndugu wa karibu wa Kiarabu cha Juba. Jina Kibera lenyewe limetokana na neno la Kinubi lenye maana ya msitu. Waliishi Kenya kwa vizazi vingi huku wakihesabiwa wageni, hadi mwaka 2017 serikali ilipowapa hati ya ardhi ya ekari 288 huko Kibera. Kwa hiyo wenyeji wengine wa Nairobi na wakimbizi wengine wa Kakuma wana historia moja, ingawa wengi wao hawaijui.

Kila serikali na lugha yake

Waingereza waliotawala Sudan hawakutaka Kiarabu wala Uislamu vienee kusini. Mwaka 1928, kwenye mkutano uliofanyika Rejaf, karibu na Juba, zilichaguliwa lugha sita za kusini zitumike shuleni: Kibari, Kidinka, Kilatuko, Kinuer, Kishilluk na Kizande. Lakini Juba ulikuwa mji unaokua, na sokoni watu waliendelea kuelewana kwa Kiarabu chao.

Baada ya uhuru wa Sudan mwaka 1956, serikali ya Khartoum ilifanya kinyume. Ilisukuma Kiarabu shuleni na ofisini, na mwaka 1964 ikawafukuza wamisionari wa kigeni. Watu wengi wa kusini walikiona Kiarabu cha Khartoum kuwa chombo cha kuwatawala. Hata hivyo hawakukiacha Kiarabu cha Juba. Kilikuwa kimeshakuwa chao.

Lugha inaonyesha njia ambayo mtu amepita

Vita vya kwanza viliendelea kutoka 1955 hadi 1972, na vya pili kutoka 1983 hadi 2005. Waliokimbilia Khartoum walisoma kwa Kiarabu. Waliokimbilia Uganda, au Kakuma iliyofunguliwa mwaka 1992, walisoma kwa Kiingereza na kuzoea Kiswahili. Waliobaki vijijini walishika lugha za mama zao.

Baada ya amani ya 2005 wote walikutana Juba. Nchi ilipopata uhuru tarehe 9 Julai 2011, katiba ilifanya Kiingereza kuwa lugha rasmi ya kazi, huku ikizitambua lugha zote za wenyeji kuwa lugha za taifa. Aliyesoma Khartoum alijikuta na cheti asichoweza kukitumia vizuri ofisini. Aliyekulia Uganda aliambiwa si mzalendo wa kutosha. Ndugu wawili wa nyumba moja wangeweza kutofautiana hivyo, kwa sababu tu mmoja alikimbilia kaskazini na mwingine kusini.

Kosa linaloweza kuua

Vita vilipozuka Juba tarehe 15 Desemba 2013, kulikuwa na Wanuer waliosakwa na kuuawa kwa ajili ya kabila lao, na lugha ilikuwa njia mojawapo ya kumtambua mtu. Aprili 2014 huko Bentiu, waliokimbilia hospitalini na msikitini walitenganishwa kwa kabila na uraia kabla ya mauaji. Kila upande ulifiwa.

Kuwa na lugha moja hakukuzuia hayo. Rwanda nayo ilikuwa na Kinyarwanda mwaka 1994, na Somalia ilikuwa na Kisomali mwaka 1991. Lugha ya pamoja haileti amani yenyewe. Inachofanya ni kuwaachia watu mahali pa kuongea. Kiarabu cha Juba hakina kabila linaloweza kukidai, na hiyo ndiyo nguvu yake. Kinasikika sokoni Konyokonyo, kanisani na kwenye Radio Miraya. Mwaka 2012 kundi la waigizaji wa Sudan Kusini liliigiza tamthilia ya Shakespeare, Cymbeline, kwa Kiarabu cha Juba katika ukumbi wa Globe, London.

Mambo ya kuzingatia

Ukiulizwa lugha yako wakati wa kuandikishwa, mahojiano au matibabu, usiseme «Kiarabu» tu. Sema kama ni cha Juba, cha Khartoum, cha Darfur au Kinubi. Ukiona humwelewi mkalimani, mwambie afisa kabla ya kuendelea. Jibu lililotafsiriwa vibaya laweza kubaki kwenye faili lako kwa muda mrefu.

Kama wewe ni mwenyeji, usimhukumu jirani kwa anavyozungumza. Kiarabu hakimfanyi mtu kuwa Mwarabu wala Mwislamu, na Kiswahili hakimfanyi Msudani Kusini kuwa mgeni kwao. Tangu vita vya Sudan vya Aprili 2023, watu wengi waliokulia Khartoum wamerudi Sudan Kusini. Lugha yao inakuonyesha walikoishi, haikuonyeshi wanamuunga mkono nani.

Kama ni mzazi, wafundishe watoto lugha ya nyumbani na uwaache wajifunze za jirani. Sudan Kusini ilitia saini mkataba wa kujiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016, na Kiswahili wanachookota kambini kitawafaa Juba, Kampala na Nairobi. Na wakikuuliza kwa nini bibi anasema suk na wao wanasema soko, waelezee historia hii. Ni yao pia.